Gia moja au gia za ndani ya habu? Maswali ya waendesha baiskeli wa Mombasa

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka baiskeli ya mlimani, ile ya tairi nene na fremu ngumu, aiendeshe Mombasa na pembezoni mwake, na amekwama kati ya mbili: ya gia moja tu, au yenye gia zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Maswali nimeyaandika kama yanavyoulizwa gereji. Msimamo wangu nautoa mapema usije ukasema nimekuzungusha: wengi wa hapa gia moja inawatosha, mradi imepangwa meno sawasawa. Habu yenye gia ni ya mwenye sababu, na sababu iwe mzigo, upepo au mlima. Urembo si sababu.

Fundi, tofauti ya hizi mbili ni nini hasa?

Gia moja ni sproketi (gurudumu la meno la cheni) moja mbele, moja nyuma, cheni katikati, basi. Ukiacha kukanyaga, friwili, yaani sproketi ya nyuma inayoshika upande mmoja tu, inazunguka bure na baiskeli inaserereka yenyewe.

Habu yenye gia, ukiitazama kwa mbali, ni vivyo hivyo: sproketi moja mbele, moja nyuma. Utaitambua kwa unene wa habu, kama kopo la maziwa ya unga lile dogo, na kwa waya mmoja unaoingia ubavuni. Ndani kuna gurudumu dogo la meno lililoshikamana na ekseli, halizunguki. Linazungukwa na vigurudumu vingine vya meno, kama sayari zinavyozunguka jua, na vyote viko ndani ya duara lenye meno upande wa ndani. Swichi ya gia inaamua kipi kisukume na kipi kisukumwe, na hapo habu inazunguka polepole kuliko sproketi, sawa nayo, au haraka zaidi.

Si teknolojia ya jana. Kampuni ya Sturmey-Archer ilianzishwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1902 kwa ajili ya habu ya gia tatu, na baadhi ya Raleigh za zamani zilikuja nayo. Muulize mzee yeyote aliyekuwa na baiskeli yenye kijiti kidogo cha chuma kando ya mkono wa usukani.

Mbona huzungumzii baiskeli za gia 21? Ziko kila duka.

Ziko kila duka, na baada ya muda ziko kila gereji. Kile kidude kinachoning'inia nyuma kuhamisha cheni ndicho cha kwanza kuumia: baiskeli ikianguka kinapinda, ikipakiwa juu ya matatu kinapinda, ikisimamishwa ukutani na mtu akapita na kikapu, kinapinda. Zile za bei ya chini zina springi za chuma cha kawaida, na hewa yetu inazila. Mwenye nayo akichoka anamwambia fundi "toa hayo madude", fundi anakata cheni, anaifunga kwenye sproketi yoyote iliyo mkabala, na mteja anaondoka na gia moja aliyolipia bei ya 21. Tena gia yenyewe imechaguliwa kwa kubahatisha.

Sina ugomvi na gia za nje zilizo bora. Anayeshindana, au anayepanda milima kila mwisho wa wiki na ana pesa ya vipuri, zinamfaa, na ni nyepesi kuliko habu yoyote ya gia. Hayo ni mazungumzo mengine.

Lakini Mombasa ni tambarare. Gia za nini?

Kisiwani, kweli. Kutoka Mama Ngina mpaka Tudor hutatafuta gia. Vipandio vya maana ni vichache: mgongo wa Daraja la Nyali, njia ya kutoka kwenye feri Likoni maji yakiwa yamekupwa, na kupanda Changamwe ukitokea Kibarani. Vyote ni vifupi. Unasimama juu ya pedali, unakaza meno, vimekwisha.

Mlima wetu halisi ni upepo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma tangu Aprili hivi hadi Septemba; kaskazi, wa kutoka kaskazini, inashika Desemba mpaka Machi. Mtu anayetoka Mtwapa kuja Nyali wakati wa kusi anaipokea kifuani njia nzima, na upepo hauna kilele ukasema nikifika pale napumzika. Hapo ndipo mwenye gia moja anapojikuta anazungusha pedali mara 50 kwa dakika mahali pa 80, na magoti yanaanza kulalamika. Mwenye habu ya gia tatu anashusha moja, anaendelea na mambo yake. Kinyume chake pia kipo: jioni anarudi Mtwapa upepo ukiwa mgongoni, mwenye gia moja miguu inazunguka kama ya kuku na baiskeli haiongezi mwendo.

Kisha kuna wanaotoka nje ya mji. Kwale iko takribani mita 400 juu ya bahari, na ukishakata kona ya Kombani kuacha barabara ya Lunga Lunga, kazi inaanza. Mazeras na Rabai nako kuna vilima vya kutosha. Wapo wanaofika Kwale kwa gia moja bila kushuka, vijana wenye mapaja. Wengi huteremka wakasukuma, na hakuna aibu. Kwa wanaokwenda Rabai, neno moja pembeni: makaya ya Mijikenda ni misitu mitakatifu, yameandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, na yana wazee wake. Si njia za kukatiza na tairi. Uliza kwanza.

Nikichukua gia moja, nipange meno mangapi?

Hili ndilo swali lenyewe, na wengi hawaliulizi. Wanauliza rangi.

Hesabu ni rahisi. Hesabu meno ya sproketi ya mbele, gawa kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi ya inchi 2 lina mzingo wa takribani mita 2.06, la inchi 29 lenye tairi ya 2.2 ni kama mita 2.3. Jibu utakalopata ni umbali ambao baiskeli inakwenda kwa mzunguko mmoja wa pedali.

Mfano: mbele 32, nyuma 16, gurudumu la 26. Thelathini na mbili kwa kumi na sita ni 2, mara 2.06 ni mita 4.1 hivi. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, mwendo ambao mtu wa kawaida anaumudu bila kuhema, unakwenda karibu kilomita 20 kwa saa. Huo ndio mpangilio uliozoeleka kwa baiskeli za mlimani za 26 duniani kote, na kwa lami ya kisiwani hauna kasoro.

Sasa rafiki yako ana 29 na amekuiga: 32 kwa 16. Yake ni mita 4.6, na anashangaa kwa nini daraja la Nyali limemshinda. Kwa 29 aweke 18 nyuma, atapata mita 4.1 sawa na wewe.

Kwa njia za vumbi na mchanga, za Utange, Shanzu ndani, au kuelekea Nguuni, napendekeza 32 kwa 18 kwa gurudumu la 26: mita 3.7 hivi, kilomita 17 au 18 kwa saa. Mchanga unataka miguu izunguke upesi kwa nguvu kidogo. Ukikanyaga kwa kishindo tairi linajichimbia. Anayelenga Kwale aweke 20. Atakuwa mpole kwenye lami, lakini atafika.

Panga kwa mahali pagumu unapopita kila wiki, usipange kwa mahali pagumu utakapokwenda mara moja Pasaka. Friwili si kitu ghali. Nunua mbili, 16 na 18, na ufunguo wake wa kufungulia. Kusi ikianza kuvuma unafunga 18, ikitulia unarudisha 16. Tofauti ya meno mawili inasogeza ekseli kama milimita 6 tu, na fremu yenye midomo mirefu ya nyuma, ile mipasuo inamokaa ekseli, inaimeza bila kukata wala kuongeza cheni.

Na upande wa habu, zipo zipi, na ipi inanifaa?

Nyingi utakazokutana nazo hapa zimekuja na baiskeli za mitumba kutoka Ulaya na Japani. Nexus ya gia 3, ya kampuni ya Shimano ya Japani, ndiyo ya kawaida, kisha ya 7 na ya 8. Sturmey-Archer ya gia 3 unaiona kwenye za zamani. Mara chache sana inaingia Alfine, ambayo ni ndugu wa Nexus aliyevaa vizuri, ya gia 8 au 11.

Usihesabu gia. Uliza upana wake, yaani gia ya juu kabisa ni asilimia ngapi ya ile ya chini kabisa. Nexus 3 ina asilimia 186. Nexus 7 ina 244. Nexus 8 na Alfine 8 zina 307, maana yake gia ya nane inakwenda mara tatu ya ya kwanza. Alfine 11 ina 409. Kileleni yuko Rohloff wa Ujerumani, gia 14, asilimia 526, sokoni tangu 1998, na habu peke yake inauzwa zaidi ya Yuro 1,000. Ukiiona Rohloff Mombasa, pengine mwenyewe ni mzungu anayezunguka Afrika na amepotea njia ya feri. Msaidie.

Kwa mtu wa Mtwapa na Nyali, wa mzigo wa wastani na upepo, gia tatu zinatosha kabisa, na Nexus 3 ni ngumu kuiua. Ya gia 8 ni kwa anayekwenda Kwale, au anayebeba mzigo mzito kila siku.

Kuna jambo la kupanga hapa ambalo mafundi wengi hawaligusi. Katika Nexus 8, gia ya tano ndiyo inayopita moja kwa moja: habu inazunguka sawasawa na sproketi na nguvu haipotei ovyo kwenye meno ya ndani. Basi chagua sproketi ili gia ya tano iwe ile ambayo ungeichagua kama ungekuwa na gia moja tu. Mbele 38, nyuma 19, gurudumu la 26: gia ya tano ni mita 4.1, ile ile tuliyoiona juu. Gia ya kwanza inashuka mpaka mita 2.2, ya nane inapanda mpaka 6.7. Kwenye Nexus 3 na Sturmey ya tatu, inayopita moja kwa moja ni ya katikati.

Usipitilize kuweka sproketi kubwa nyuma ili upate gia laini zaidi. Kila kiwanda kimeweka kikomo, kwa sababu sproketi kubwa nyuma inaongeza nguvu ya kusokota inayoingia ndani ya habu, na vikucha vya ndani vina mwisho wao. Na Nexus imetengenezwa kwa mji. Barabara mbovu inaivumilia, na njia ya msituni inapita. Kuruka nayo vijiwe na matuta kama kijana wa video, hapana.

Fremu nayo ina usemi. Fremu ya mlimani ya zamani ina nafasi ya milimita 135 nyuma, na Alfine 8 inakaa hapo bila mabishano. Nexus 3 ni nyembamba zaidi, itataka washa za kujazia. Fremu mpya zenye ekseli ya kupenyeza, za milimita 142 au 148, usizitese. Habu hizi za Nexus na Alfine hazikutengenezewa humo.

Chumvi je? Nakaa Nyali, baiskeli inaota kutu nikiitazama.

Hapa ndipo Mombasa inapoachana na ushauri wa vitabu vya ng'ambo. Kule wanaogopa matope. Sisi adui yetu yuko hewani.

Gia moja inashinda kwa umaskini wake: haina springi, haina vigurudumu vya plastiki, haina waya wa gia. Cheni yake ni ile pana ya moja ya nane ya inchi, nene na ya bei ndogo. Ikila kutu unaibadilisha, na hujauza mbuzi. Kuijua imechoka, chukua rula ya futi moja. Cheni mpya, pini 24 baada ya ile unayoanzia, zinafika inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya nane, itupe kabla haijala na sproketi.

Habu yenye gia ina mipira ya kuzuia mchanga na mvua, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Masika ya Mei, barabara za Kisauni zikiwa mito, mashine yako iko kwenye mafuta yake haina habari. Isichokiweza ni kuzamishwa. Fikiria habu iliyoanikwa juani Bamburi mchana kutwa, chuma kinachoma, kisha unaiingiza kwenye maji ya bahari. Hewa iliyo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji kupitia penye mipira. Kwa nje huoni kitu. Maji yale yanabaki mle yakitafuna goroli taratibu, na siku utakayosikia sauti ya kusaga, kazi imekwisha. Kwa hiyo ufukweni, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekaza vizuri, endesha. Kwenye povu la mawimbi waachie wa gia moja. Nao wakirudi nyumbani wasafishe siku hiyo hiyo.

Kusafisha kwenyewe kuna adabu yake. Maji ya visima vya mitaa mingi ya hapa ni ya chumvi. Ukiosha baiskeli nayo unaipaka ulichotaka kukitoa. Tumia maji matamu, yale ya kununua kwa mtungi. Nusu ndoo na kitambaa vinatosha, humwagilii shamba. Usimpelekee kijana wa kuosha magari aipige na mashine ya presha, maana yale maji yanapenya penye mipira kuliko mvua yoyote. Kausha, tia oili ya cheni au ya cherehani, futa inayozidi. Mafuta ya kupikia yanaganda yakawa gundi. Oili chafu ya gari imejaa vumbi la chuma. Zote mbili naziona kila mara, na wenyewe wanaapa hawajatia kitu.

Nguzo ya kiti ipake grisi kabla ya kuitia kwenye fremu. Aluminiamu ndani ya chuma, ukiongeza hewa ya bahari, vinashikana mpaka uite mtu wa kuchomelea.

Habu ikitaka huduma, nani ataifungua?

Uliza hivyo kabla ya kununua, si baadaye. Nexus 8 na Alfine 8 ni rahisi kuliko zinavyotisha: unafungua koni (nati inayobana goroli) ya upande wa kushoto, na mashine yote ya ndani inatoka kwa upande wa kulia ikiwa kipande kimoja. Inaoshwa, inakaushwa, inachovywa kwenye oili yake, inachuruzika, inarudi. Basi. Kiwanda kinazungumzia kila miaka miwili au kilomita 5,000; mtu wa pwani anayepita mchangani na mvuani asingoje hivyo. Alfine 11 na Rohloff zina oili ya kumwaga na kujaza. Rohloff ni kila mwaka au kila kilomita 5,000.

Fundi akishasema "ngoja nikutenganishie vyote tuone", chukua gurudumu lako uondoke kwa heshima. Mle ndani kuna springi nyembamba kuliko unywele wa mbuzi, na ikirukia mchangani Kongowea hutaiona tena.

Gia moja, fundi yeyote chini ya mwembe wowote anaiweza. Hilo peke yake limewaamulia wengi.

Pancha ikinipata njiani?

Kwa gia moja: spana ya 15, legeza nati mbili, gurudumu limetoka. Ukirudisha, vuta nyuma mpaka cheni icheze juu na chini kama sentimita moja katikati. Ikikaza kama uzi wa gambusi inakula goroli. Ikilegea inatoka kwenye meno ukiwa katikati ya barabara ya Malindi, na nyuma kuna matatu.

Kwa habu kuna waya wa kuchomoa kwanza, na zile washa za pembeni zinazozuia ekseli isizunguke, lazima zirudi upande ule ule na zielekee vile vile. Si kazi ngumu, lakini si ya kujifunzia usiku Miritini. Wala si lazima kutoa gurudumu. Toa ukingo wa tairi upande mmoja, vuta tyubu nje, tafuta tundu, bandika kiraka, rudisha. Mafundi wa barabarani wanafanya hivyo siku zote.

Gia zinateleza, pedali inapiga hewa. Habu imekufa?

Mara nyingi ni waya umelegea tu, wala usiruhusu mtu afungue kitu. Nexus 8, Alfine 8 na Nexus 7: weka gia ya nne, tazama pale waya unapoingilia habu, kuna mistari miwili midogo yenye rangi. Lazima ikutane. Isipokutana, zungusha kirekebishi cha waya taratibu mpaka ikutane. Nexus 3 ni gia ya pili, na mstari unauona kwenye kidirisha cha kile kiboksi cha pembeni. Alfine 11 ni gia ya sita.

Sturmey ya zamani ina tabia ya kutazama: waya ukilegea, kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali pa bure kabisa. Umesimama juu ya pedali unapanda daraja, mara hakuna kitu chini ya mguu. Rekebisha waya kabla ya kuifikiria safari.

Halafu jifunze kubadilisha. Punguza nguvu ya mguu kidogo, bonyeza, endelea. Hata ukiwa umesimama tuli kwenye taa unaweza kushusha gia, jambo ambalo gia za nje haziliwezi.

Breki ya kukanyaga pedali nyuma ni nzuri?

Habu nyingi za mitumba zinayo, na baadhi ya gia moja pia. Kwa mji ni nzuri: haina waya, mvua haiisumbui. Kwa mteremko mrefu, hapana. Hata mchezo huu wa baiskeli za mlimani ulizaliwa na taabu hiyo. Miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, waliteremka milima kwa baiskeli kuukuu za gia moja zenye breki hizo. Mbio zao maarufu zilizoanza 1976 ziliitwa Repack, kwa kuwa kila wakifika chini grisi ya habu ilikuwa imechomeka yote na ikabidi wajaze upya. Ukishuka kutoka Kwale kuelekea Kombani, uwe na breki ya mbele ya kuaminika.

Nina mauntini ya gia 21 imechoka. Inaweza kuwa ya gia moja?

Inaweza, na ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Toa swichi, nyaya, na madude yote ya mbele na nyuma. Acha sproketi moja mbele, ya 32 au 34. Nyuma, kama habu ni ya friwili ya kuskrubu, skrubu friwili moja. Kama ni ya kaseti, yaani sproketi zimechomekwa juu ya habu, weka sproketi moja na ujaze nafasi kwa vipande vya bomba la plastiki la maji vilivyokatwa sawa. Usicheke, vinafanya kazi miaka.

Mambo mawili ndiyo yanayoharibu. La kwanza, sproketi ya mbele na ya nyuma ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Chuchumaa nyuma ya baiskeli, fumba jicho moja, utazame. La pili ni kukaza cheni. Fremu yenye midomo ya kulala haina shida. Yenye midomo ya kusimama inataka kikazio cha cheni, na hata kile kidude cha zamani kikikatwa waya na kufungiwa mahali pamoja kinaweza kuifanya kazi hiyo.

Nabeba mikate alfajiri, kreti mbili nyuma. Ipi?

Habu, mwanangu. Gia tatu. Kuondoka kila duka na kreti mbili ni kuanza upya kila mara, na kuanza ndiko kunakoua magoti. Ongeza spoki nene na keria ya chuma, usiangalie uzito wa habu.

Mimi ni mama wa makamo, goti moja si zima. Gia moja itaniweza?

Mama, chukua habu. Goti halina kipuri.

Nakaa Likoni, navuka na feri kila siku.

Zote mbili zinakufaa kuliko gia za nje, kwa kuwa hakuna kinachochomoza nyuma cha kukwama kwenye nguo za watu au kupindwa na mkokoteni katika ule msongamano. Gia moja ni nyepesi kwa karibu kilo moja au zaidi, kutegemea habu, na kama unaishi ghorofa ya nne bila lifti, kilo hiyo utaijua.

Mkanda wa mpira badala ya cheni?

Hauli kutu, hautaki oili, na kwa hewa yetu ungekuwa jibu. Lakini unataka fremu inayofunguka upande wa nyuma ili mkanda upite, na ukikatika utasubiri mwingine kutoka nje. Bado.

Naenda kutazama ya mtumba yenye habu. Nikague nini?

Soma maandishi kwenye habu kabla ya kusikiliza maneno ya muuzaji. Za Shimano zina namba inayoanza na SG. Sturmey nyingi za zamani zina mwaka na mwezi umepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, pita gia zote moja baada ya nyingine. Mlio wa tiki tiki ni wake, wa kusaga si wake. Shika rimu, tikisa kulia na kushoto. Ikicheza kidogo sana si neno, ikigonga, koni zimekwisha. Tazama penye mipira: alama ya kutu nyekundu iliyochuruzika kutoka ndani inamaanisha maji yalishaingia, labda kontena zima lilinyeshewa huko lilikotoka. Kisha panda, kaza mguu kwenye kipandio chochote kilicho karibu, na usikilize gia ya kwanza kama inashika.

La mwisho ni swichi. Hakikisha imekuja na baiskeli na inafanya kazi. Ya gia 8 za Nexus inaingiliana na Alfine 8, lakini ya 7 haiendeshi habu ya 8, na kuitafuta peke yake mjini hapa ni safari ndefu kuliko ya Kwale. Kama haipo, punguza bei mpaka muuzaji akunje uso, au mwachie.